Makasia Themanini ya Basoko

Tuanze na mtumbwi wenyewe. Ni mkubwa kuliko yote inayoufuata, nayo inayoufuata inapita hamsini. Wapiga makasia wamesimama safu mbili, arobaini ubavu huu na arobaini ubavu ule. Wanainama na kuinuka pamoja kama mwili mmoja, na wimbo ndio unaowapa mwendo. Gubetini pana jukwaa, na juu yake wamepanda vijana kumi waliovaa manyoya ya kasuku, mekundu na ya kijivu. Tezini wako wanane wenye makasia marefu, hao ndio wanaokiongoza chombo. Kati ya gubeti na tezi, watu kumi wanaoonekana kuwa wakubwa wa nchi wanacheza, wanakwenda na kurudi. Kila kasia limevishwa tufe la pembe ya ndovu, kila mkono una bangili ya pembe, na mbele ya gubeti unaning'inia ushungi mrefu wa nyuzi nyeupe za mkoche. Ngoma zinarindima, mapembe yanapulizwa, makoo elfu mbili yanaimba.

Ukipewa maelezo haya peke yake, bila jina la aliyeyaandika na bila kinachofuata, utasema unatazama nini? Mtu wa pwani huenda akakumbuka mashindano ya ngalawa. Mtu wa Kisangani huenda akadhani ni mapokezi ya mkubwa fulani kutoka mjini, maana mkubwa akifika kwa mto hupokewa mtoni. Wachache wangejibu papo hapo kuwa ni vita.

Aliyeyaandika alisema ni vita. Ni msafiri Henry Morton Stanley, na siku yenyewe ni tarehe 1 Februari 1877, mahali ambapo mto Aruwimi unamwagika katika mto Kongo. Hapo ndipo ulipo mji wa Basoko, katika jimbo la leo la Tshopo, karibu kilomita 200 chini ya Kisangani ukifuata mkondo. Kitabu chake, Through the Dark Continent, kilitoka London mwaka 1878 kwa juzuu mbili, na aya ya mtumbwi huo ni miongoni mwa aya zake zinazosimuliwa sana. Mitumbwi aliihesabu: 54. Nimeyarudia yale aliyoyaona kwa maneno yangu, nikaondoa vivumishi vyake vya dharau na vya hofu. Nilipoviondoa, vita navyo vikaondoka. Uhakiki huu unaanzia hapo: ni kitu gani katika umbo la aya ile kinachoifanya sherehe iwe shambulio? Na mwanafunzi wa sanaa au wa ubunifu anayetaka kupanga picha yake mwenyewe juu ya siku ile ajifunze nini kutokana na umbo hilo?

Tutazame kwanza njeo. Stanley anasimulia safari yake kwa wakati uliopita, kama wasafiri wote: tulifika, tulipiga kambi, tuliondoka. Mtumbwi mkubwa unapotokea, anaingia wakati uliopo. Unaongoza, wanainama, wanacheza. Saa inasimama, msomaji anawekwa mbele ya ubao wa picha na kuambiwa atazame. Ni mbinu ya mchoraji zaidi kuliko ya msimulizi. Lakini wakati uliopo una kazi nyingine pia: unamnyima msomaji nafasi ya kuuliza yaliyotangulia. Watu hawa walikuwa wapi asubuhi? Walipata habari gani kuhusu wageni hawa? Nani aliwaita mtoni? Picha iliyosimama haina asubuhi.

Kisha tutazame upande. Mtumbwi unakuja kwetu. Tunauona kwa mbele, gubeti likitukabili, halafu jicho linaruka hadi tezi, kisha linarudi katikati. Msomaji ameketishwa ndani ya Lady Alice, ile mashua ya Stanley iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, naye hainuki hapo hata mara moja. Hakuna sentensi hata moja inayotazama kutoka mtumbwini kuelekea kwenye mashua. Hatujui Lady Alice ilionekanaje machoni pa kijana aliyepanda jukwaa la gubetini. Ilikuwa na sura gani? Na yale mabomba ya chuma yaliyoelekezwa kwao, walidhani ni nini?

Jambo la tatu ni mpangilio wa vitu. Jicho la Stanley linakwenda kama jicho la karani wa forodha. Linahesabu vyombo, linahesabu watu kila ubavu, linahesabu waliopanda jukwaa, kisha linaingia kwenye mali. Pembe inatajwa kwenye makasia, ikatajwa mikononi, ikatajwa tena katika mapembe yanayopulizwa: mahali patatu ndani ya picha moja ya haraka, iliyochorwa na mtu anayesema anakabiliwa na kifo. Kurasa chache mbele, baada ya bunduki kunyamaza na kijiji kuvamiwa, tunakuta paa la mviringo lililoegemezwa juu ya pembe 33 za ndovu, chini yake sanamu iliyopakwa rangi nyekundu. Pembe zikapakiwa mitumbwini mwa msafara. Msomaji wa umbo hashangai. Mkono ulifuata njia ambayo jicho lilikwisha kuipita.

Jambo la nne ni sauti. Stanley anazisikia ngoma, mapembe na wimbo, na yote matatu anayaweka kwenye fungu moja la makelele ya kutisha. Hapo ndipo mtu wa sehemu ile anapoweka kitabu chini na kutabasamu. Sehemu hii ya mto ndiyo nchi ya ngoma zinazosema. Walokele, majirani wa Basoko upande wa Isangi na Yangambi, wanajulikana kwa lokole, gogo lililochongwa tumbo na kuachiwa mwanya, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini, inayofuata toni za lugha. Mmisionari John Carrington, aliyeishi miaka mingi Yakusu na Yalemba, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949, Talking Drums of Africa. Alieleza jinsi neno moja fupi linavyorefushwa kuwa fungu zima la maneno ili lisichanganywe na jingine lenye toni zilezile. Ngoma ya mto huu hutoa habari: nani amekufa, nani amezaliwa, nani anakuja. Kwa hiyo huenda tarehe 1 Februari 1877 ngoma zilikuwa zikisema jambo, labda zikimwambia hata mgeni mwenyewe. Aya ya Stanley haina sehemu ya kuliweka jambo hilo. Ina nafasi ya mshindo tu.

Nisieleweke vibaya. Stanley anasema pia kwamba mtumbwi ulipokaribia, ulipinda, na vijana wa gubetini wakarusha mikuki. Umbo peke yake haliwezi kuthibitisha kwamba mikuki haikurushwa. Watu wa mito walijipamba kwa vita kama walivyojipamba kwa harusi, na mtu mwenye manyoya kichwani anaweza kukuua vizuri tu. Ninachosema ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi kukikwepa: vitu alivyoviona havitoshi kumfikisha kwenye hukumu aliyoitoa. Hukumu imebebwa na vivumishi, na upande, na njeo. Ukivitoa hivyo, kinachobaki mkononi kinaweza kusomwa kwa njia mbili.

Na njia ya pili ilisomwa kweli. Miongo kadhaa baadaye, mmisionari Mkatoliki, Padri Joseph Fraessle, aliyaandika masimulizi ya chifu mmoja aliyeitwa Mojimba. Tangu hapo wanahistoria hupenda kuyaweka sambamba na ukurasa wa Stanley. Kwa mujibu wa Mojimba, watu walipata habari kwamba mtu mwenye mwili mweupe anashuka na mto. Wakastaajabu, kisha wakafikia maana: huyo ni ndugu yao mmojawapo aliyezama, sasa mto unamrudisha. Wakaagiza karamu. Wakavaa mavazi ya heshima, wakateremsha mitumbwi mikubwa, wakangoja ngoma iseme amekaribia, kisha wakatoka kumlaki kwa nyimbo na kucheza, mtumbwi wa Mojimba ukiongoza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jibu likawa moto na vipande vya chuma. Waliobaki wakakimbilia kijijini. Wageni wakawafuata, wakapora, wakachoma.

Tazama kilichotokea katika umbo. Mavazi ni yaleyale. Nyimbo ni zilezile, wanaocheza katikati ya mtumbwi ni walewale, ngoma ni zilezile. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika vifaa vya jukwaani. Kilichobadilika ni mahali anapoketi mtazamaji. Mojimba ametupa kiti ndani ya mtumbwi, tukitazama kuelekea kwenye mashua. Tena ameirudisha asubuhi: habari zilizofika, mjadala, karamu inayopikwa. Stanley alianza na kutokea kwa mtumbwi, Mojimba akaanza na kungoja. Anayeanza na kungoja ni mwenyeji, na anayeanza na kutokewa ni mvamiwa.

Mhakiki mwaminifu lazima aseme pia kwamba masimulizi ya Mojimba nayo yamepangwa. Yalisemwa baada ya miaka mingi, wakati msemaji alikwisha kujua mtu mweupe aliiletea nchi ile nini. Yalisemwa mbele ya padri mweupe, na padri akayaandika kwa lugha ya kwao. Yana mpangilio mzuri mno: mapokezi kwanza, moto katikati, swali la nani mwovu mwishoni. Sitaki msomaji amtupe Stanley na kumkumbatia Mojimba kama mtu abadilishaye timu. Faida ya kuwa na picha mbili ni kwamba kila moja inaonyesha mishono ya nyingine ilipofichwa.

Ndani ya kitabu cha Stanley mna pia picha ya kuchapwa ya mapigano hayo. Picha za vitabu vya wakati ule zilichongwa juu ya mbao ngumu na mafundi wa Ulaya, mafundi ambao Aruwimi waliijua kwa karatasi tu. Kwa hiyo maneno yaliyo chini yake yana uzito zaidi kuliko mistari yake. Maelezo hayo yanasema, kwa maana, kwamba haya ni mapigano chini ya makutano ya mito Aruwimi na Livingstone. Yasome polepole. Mapigano: nani amempiga nani, haisemwi. Livingstone: ndilo jina ambalo Stanley aliupachika mto Kongo, kwa heshima ya Mskoti aliyekwisha kufa. Mahali pamepewa ramani na hapakupewa wenyeji. Basoko haimo. Mtu akiiona picha ile leo ukutani pasipo mwalimu, ataondoka akijua jina la mmisionari ambaye hakuwahi kufika hapo, asijue jina la watu waliouawa hapo.

Sasa niseme jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hatulipendi. Nimesema msomaji ameketishwa ndani ya mashua. Na nani wengine walikuwa humo? Nahodha wa Lady Alice alikuwa Uledi. Manwa Sera alikuwa mkuu wa wapagazi. Walioshika bunduki wengi wao walikuwa wangwana waliotoka Unguja na Bagamoyo mwaka 1874, na amri ziliwafikia kwa Kiswahili. Wiki chache nyuma mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa ameusindikiza msafara huo hadi Vinya Njara, akageuka. Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Kisangani kilipanda mto huu kikiwa kimechukuliwa na wafanyabiashara, wapagazi, watumwa na bunduki. Basi katika picha ya Basoko lugha yetu haisimami ukingoni ikitazama kwa huruma. Imeketi mashuani, imejaza bunduki risasi. Mtu anayetaka kupanga picha ya siku ile kwa Kiswahili aanze kwa kukubali kiti hicho, halafu aamue kama atahama.

Ili tuelewe kuhama maana yake nini, turudi nyuma miaka mitano, tuingie studio ya London. Mwaka 1872 kampuni ya London Stereoscopic ilipiga na kuuza kadi za picha za Stanley zikiwa na maelezo kwamba hayo ndiyo mavazi aliyoyavaa alipokutana na Livingstone Afrika. Ana kofia ngumu ya jua, buti ndefu na bunduki. Tukio lenyewe lilikuwa Ujiji, Novemba 1871. Picha ni ya mwaka uliofuata, kaskazini ya mbali, chini ya paa, mbele ya pazia la studio. Hii ndiyo picha ya kihistoria ya kupangwa kwa maana kamili ya neno: mtu anajiigiza mwenyewe, anauza igizo kwa jina la ushahidi. Neno linalobeba mzigo wote ni mavazi. Nguo ni za kweli, kwa hiyo mnunuzi anadhani na tukio ni la kweli. Wabunifu wa leo wanaijua hila hiyo: kifaa kimoja halisi kikiwekwa mbele, vyote vya bandia vilivyo nyuma yake hupata uhalali.

Katika kadi hizo yumo pia mtoto. Jina lake Ndugu M'hali. Stanley alipewa mtoto huyo Tabora, akamwita Kalulu, na kwa jina hilo akamtungia hata riwaya mwaka 1873. Katika studio anasimama kando ya bwana wake. Kalulu alikuwa kweli katika safari ya Ujiji, kwa hiyo hapa kuna watu wawili wanaoigiza yale waliyoyapitia. Maelezo yanamtaja mmoja, na mavazi yanayotajwa ni ya mmoja. Mtoto amegeuzwa kuwa sehemu ya vifaa, kama bunduki na pazia. Ukitaka kuipima picha yoyote ya kupangwa, hicho ni kipimo kizuri: waulize waliomo, nani amekuja na jina lake na nani ameletwa kama pambo?

Kalulu alirudi Afrika na msafara wa 1874. Tarehe 1 Februari 1877 alikuwa mtoni pale Basoko, upande wa mashua. Wiki nane hazikupita: tarehe 28 Machi mtumbwi alimokuwa ulibebwa na maporomoko chini zaidi ya mto, naye akafa maji. Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu. Hata kifo kikawa maelezo ya ramani.

Kuna kijana mwingine, na kisa chake ni cha Basoko hasa. Aliitwa Baruti, jina la Kiswahili alilopachikwa utumwani. Alikamatwa angali mtoto katika uvamizi uliowapata watu wa Aruwimi, akafikishwa Uingereza na Sir Francis de Winton, kisha akaingia katika utumishi wa Stanley. Mwezi Juni 1887 msafara wa kumwokoa Emin Pasha ulipopita Basoko, Baruti aliwaita watu wa mtumbwini kwa lugha yao, akamtambua ndugu yake. Ndugu hakuamini, akataka dalili. Baruti akataja kovu la kuumwa na mamba mkononi mwa ndugu huyo, na kulijua kovu hilo kukawa hati yake ya kuzaliwa. Haukupita muda, usiku mmoja, akatwaa bunduki ya Winchester ya bwana wake, bastola mbili, risasi, saa ya fedha, kipima hatua cha fedha, mkanda na visenti, akaingia mtumbwini, akatoweka na mkondo.

Stanley anakisimulia kisa hiki katika In Darkest Africa kama kisa cha mtumishi asiye na shukrani. Kwa macho ya mhakiki wa picha, orodha ya vitu vilivyochukuliwa inasema jambo jingine. Bunduki, saa, chombo cha kupimia safari: hivyo ndivyo vilivyomfanya mvumbuzi aonekane mvumbuzi. Ni vifaa vya studio ya 1872. Kalulu alisimamishwa kando ya vifaa hivyo. Baruti alivichukua, akatoka nje ya fremu. Na kwao alitambuliwa kwa kovu la ndugu yake, alama ambayo hakuna mpiga picha aliyeipanga. Sijui picha bora zaidi ya mtu kuhama kiti kuliko hiyo, na hakuna aliyeipiga.

Basi wasanii wa Kongo wenyewe wameyafanyia nini haya? Mifano miwili inatosha, yote ya Katanga, maana huko kazi hii imefanywa kwa kina. Wa kwanza ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, ambaye kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, na kila moja akaisimulia kwa Kiswahili cha huko huku kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria. Katika picha yake ya maiti za Lumumba, Mpolo na Okito, nyuma kabisa imesimama misalaba mitatu. Hakuna anayedhani kwamba mahali pale palikuwa na misalaba. Na hapo ndipo tofauti na kadi ya London inapojitokeza: Tshibumba anaongeza kitu ambacho kila mtazamaji anajua kimeongezwa. Msalaba ni hukumu, na umechorwa ili uonekane kuwa ni hukumu. Kofia ya Stanley ni hukumu pia, ila imejifanya nguo.

Wa pili ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua watu kutoka picha za kale za wakati wa ukoloni, wafanyakazi na wafungwa, akawasimamisha katika magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines aliyoyapiga mwenyewe. Watu wamebaki na rangi yao ya kijivu, magofu yana rangi za leo. Angeweza kuzioanisha rangi. Kompyuta hufanya hivyo kwa dakika. Hakufanya. Mshono umeachwa wazi, na ndio unaosema: hawa hawakuwa hapa siku hii, nimewaleta mimi, ulizeni kwa nini. Filamu fupi ya kazi hiyo ilichezwa na Faustin Linyekula, mnenguaji aliyezaliwa Ubundu na aliyehamishia Studios Kabako Kisangani. Mwili wake ukitembea katika chuma kilichochakaa unafanya kazi ileile ya mshono: mtu wa leo, hajavaa mavazi ya kale, anapita mahali pa jana. Kituo cha sanaa ambacho Baloji na wenzake walikianzisha Lubumbashi kinaitwa Picha, kwa Kiswahili tu, bila ziada.

Sasa nigeuke kwa mwanafunzi wa Tshopo, mwenye simu yake au kamera ya kuazima, aliyepewa kazi ya kupanga picha inayotokana na historia. Tuseme amechagua tarehe 1 Februari 1877. Jaribu la kwanza litakuwa kukodi mtumbwi mkubwa, kuwavika vijana manyoya, kuwapa mikuki, kisha kupiga picha kutoka mashua yenye injini iliyotangulia mbele. Ataipata picha nzuri. Na atakuwa amerudia kuchonga ubao uleule wa 1878, kwa wino wa rangi. Haitasaidia kwamba waliopigwa ni ndugu zake, wala kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa Basoko. Mahali pa kamera hapana kabila.

Mimi ningemshauri apande mtumbwini. Aipige picha kutoka nyuma ya migongo ya wapiga makasia, mabega arobaini kila upande kama atawapata, na kama hatawapata, basi wanane wawakilishe themanini, na hesabu ionekane pungufu waziwazi. Mbele kabisa, mbali, doa dogo la mashua, lisilo na sura. Mtazamaji wa picha hiyo atakuwa amengoja tangu asubuhi pamoja nao. Pembe za ndovu asizitafute: sheria inamkataza, na hata isingemkataza, mali iliyoporwa haifai kurudishwa kwa plastiki. Aliache kasia bila tufe. Pengo pale juu ya kasia litauliza swali ambalo tufe bandia lingelijibu kabla halijaulizwa. Mavazi yawe ya leo, jezi na kandambili, kama Linyekula alivyotembea na mwili wake wa leo. Ngoma haipigiki ndani ya picha, lakini mpiga lokole anaweza kuwekwa mbele, fimbo zikiwa juu, wakati neno halijamaliza kusemwa.

Na aamue kuhusu bunduki. Ikiwa ataiweka, asiifiche mkononi mwa mzungu mmoja wa kuigiza, maana hiyo ingekuwa njia rahisi ya kutusafisha sisi tuliosema Kiswahili mashuani. Uledi naye aonekane. Kama hataiweka, picha ibaki katika dakika ile ya kabla, ambamo Stanley na Mojimba wote wawili bado wanaweza kuwa wakweli. Mimi ningechagua dakika hiyo. Mlio wa kwanza wa bunduki uliyamaliza mazungumzo mwaka 1877. Hakuna haja ya kuurudia ili tuonekane tunaijua historia.

Hukumu yangu ni hii. Aya ya Stanley ni kazi ya fundi; ina mdundo, ina jicho, na ndiyo sababu imedumu. Ila ufundi wake wote umetumika kumfunga msomaji kwenye kiti kimoja na kumfanya asahau kwamba ameketi. Kadi ya London ilifanya vivyo hivyo kwa nguo. Tshibumba na Baloji wamepanga picha zao hadharani, mishono nje, na kwa hiyo tunaweza kubishana nazo. Picha ya historia isiyobishika inafaa kuning'inizwa ofisini. Shuleni haifundishi kitu.

Kwa hiyo, enyi mtakaoshuka na mto kutoka Kisangani mkiwa na kamera: waulizeni wazee wa makutano kabla ya kuwapanga vijana, semeni ni nani amemshikisha nani kasia, na mwandike majina ya wote waliosimama mbele ya lenzi, kwa ruhusa yao. Chini ya picha msiandike mapigano, wala Livingstone. Andikeni kwanza jina la mahali: Basoko.